De, I, Ere

Kabla ya vita hapakuwa na ofisi ya serikali mjini Kigali ambayo Théoneste hakuwahi kupiga magoti chini ya meza zake. Alikuwa fundi wa mashine za kuandikia, karakana yake iko Kimisagara, na makarani walimpenda kwa sababu hakuwa fundi wa kesho njoo kesho. Kompyuta za kwanza zilipoletwa katika wizara moja, alipelekwa kozi ya miezi mitatu iliyofundishwa kwa Kifaransa. Akarudi na cheti pamoja na miwani. Mkewe, Épiphanie, aliwaambia wageni kwamba aliyefaulu mtihani ni miwani, mume wake aliisindikiza tu.

Yaliyompata mwaka 1994 yasemwe mara moja tu, maana mwenyewe hakupenda kuyarudia. Aprili ilimkuta Gitarama, alikokwenda kwa siku mbili kurekebisha mashine ya parokia. Alirudi Kigali mwezi wa Julai. Karakana ilikuwa imebaki kuta. Épiphanie alikuwa ameuawa, na jirani mmoja ndiye aliyemwonyesha mahali alipofukiwa. Jirani huyohuyo akamwambia jambo la pili: binti yao Kamikazi, mtoto wa pekee, alionekana mwezi wa sita, mzima, amepakiwa kwenye lori pamoja na watoto wengine, lori likielekea kusini.

Kuanzia siku hiyo Théoneste hakuwa na kazi nyingine duniani ila kumtafuta Kamikazi. Na kumtafuta mtoto Rwanda si jambo la kuulizia ukoo. Kwetu mtoto habebi jina la baba yake. Huzaliwa, hupewa jina lake mwenyewe, na anaweza kukua nyumba moja na ndugu watano wasioshiriki hata herufi. Mtoto mdogo akiulizwa baba yako ni nani, atajibu ni Papa. Ukienda kituo cha watoto waliopotea ukasema unamtafuta Kamikazi, watakuletea wasichana wanne wenye jina hilo, wote wamesimama wanakutazama, na hakuna hata mmoja aliye wako. Lilimpata mara mbili. Mara ya tatu aliogopa kwenda.

Ndipo aliposikia habari za orodha. Huko Kacyiru, katika nyumba moja iliyogeuzwa ofisi, kulikuwa na watu wanaoandika watoto waliookotwa peke yao: jina, makovu, mahali walipopatikana, maneno waliyosema, na namba ya kituo walikopelekwa. Watoto zaidi ya elfu tatu, wote ndani ya kompyuta moja. Ukitaja jina na neno moja la mtoto, mashine inakuchagulia. Théoneste alikwenda mbio. Alifika mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa mashine ni mgonjwa.

Mara ya tatu alivua kofia, akasema, "Basi mimi ndiye daktari wake."

Aliyempokea ni Kellen, msichana aliyezaliwa na kusomea Uganda, aliyerudi Rwanda mwezi wa Agosti kwa mara ya kwanza maishani. Yeye ndiye aliyechapa orodha yote. Kinyarwanda chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi, Kifaransa hakuwa nacho kabisa. Théoneste naye hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Kwa hiyo fundi na karani, Wanyarwanda wote wawili, wakaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

"Ilianza kufa siku gani?" akauliza Théoneste.

"Tangu Norman aweke system mpya, muzehe. Mbele ya hapo ilikuwa sawa tu. Sasa inawaka, inahesabu, halafu inakwama. Ukizima, ukiwasha, inakwama tena."

Norman alikuwa mkuu wa ofisi. Alikuwa ameleta kutoka Kampala disketi za mfumo endeshi mpya, na kibodi mpya, akaviweka mwenyewe Ijumaa kwa furaha zote, kisha Jumatatu akasafiri. Kuna watu hawawezi kuona kitu kinafanya kazi bila kukiboresha. Mfumo wa zamani ulikuwa mkongwe, ndiyo, lakini orodha ilifunguka kila asubuhi.

"Na kopi ya orodha? Iko kwenye disketi?"

Kellen akaangalia sakafu. Kopi ilikuwapo. Lakini mjini hapakuwa na disketi za kununua, na Norman alitaka akiba ya ule mfumo mpya. Alichukua disketi zilezile za kopi, akazifuta, akanakili mfumo juu yake.

"Na makaratasi?"

"Tulirudisha kwa vituo. Vituo vingine vimefungwa, watoto wamehamishwa. Hatujui wapi."

Théoneste alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kwa hiyo orodha ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya lile sanduku lililokwama.

"Sitaki pesa," alisema. "Nikiponya, mtanitafutia jina moja."

"Jina gani, muzehe?"

"Tuponye kwanza." Hakutaka kulitamka. Alihisi akilitamka mbele ya mashine mbovu atalitia mkosi, na haya si mawazo ya fundi mwenye cheti, lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Aliiwasha kwa disketi, ili mashine iamke bila kupita kwenye maagizo mapya ya kuwashia aliyoyaweka Norman. Ikaamka. Hapo akajua ugonjwa uko kwenye maagizo, siyo kwenye chuma, akapumua kidogo. Tatizo lake likawa vidole. Alijifunza kwenye kibodi ya Kifaransa, na hii ya Kampala imepangwa Kiingereza. Kila alipotafuta A kidole kiliangukia Q. Baada ya kukosea mara sita alimkalisha Kellen kwenye kiti, akasimama nyuma yake, yeye akisema na Kellen akipiga.

Waliondoa maagizo mapya mstari mmoja mmoja. Wanaondoa mstari, wanazima, wanawasha, wanangoja. Inakwama. Wanaurudisha, wanaondoa mwingine. Kazi ya aina hiyo inamtia mtu wazimu, lakini Théoneste alikuwa mvumilivu, na Kellen akaanza kumcheka kila alipoishika mashine kwenye paji kama anayepima homa. Mstari wa tano ndio ulikuwa mchawi: mpango mpya wa kugawa kumbukumbu, usioelewana kabisa na mashine nzee. Walipouondoa, kompyuta iliwaka, ikahesabu, ikapita pale ilipokuwa inakwama.

"Imepona!" Kellen akapiga makofi. Kisha ikazimika yote, puu.

Safari hii ulikuwa umeme. Plagi nyuma ya meza ilikuwa imelegea kwa kuchomwa na kuchomolewa juma zima. Théoneste akalala chali chini ya meza, akaibana kwa mkono, mashine ikawaka tena. Akaachia kidogo, ikataka kuzima. Basi akabaki pale, mkono juu, uso unatazama mbao za chini ya meza, akaamua kazi iendelee hivyohivyo.

Alitaka kwanza ajue faili la orodha lipo. Kuna amri ya kuangalia, herufi tatu, haidhuru kitu: DIR. Unaandika hiyo na jina la faili, mashine inakuonyesha lipo na lina ukubwa gani. Aliitamka kama alivyofundishwa, kwa herufi za Kifaransa, na kwa ulimi wake wa Kinyarwanda.

"Piga de, i, ere. Halafu jina la faili."

Kellen akapiga.

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imeshuka mstari tu, inangoja."

Hapo ndipo alipopaswa kutoka chini ya meza. Alikuja kujiambia hivyo mara nyingi baadaye. DIR hainyamazi, kama faili lipo itasema lipo, na kama halipo itasema halipo. Lakini mkono uko kwenye plagi, na alikuwa amezoea siku nzima mashine isiyojibu. Aliona diski imevurugika kwa kuzimwazimwa, haisomi vizuri. Na mfumo mpya ulikuwa na programu ya kupanga diski, ya kusogeza mafaili yakae pamoja na kuziba nafasi zilizo wazi. Alikuwa amesoma habari zake katika kitabu cha Norman, kwenye michoro.

"Basi tuipange," akasema. "Taratibu. Mimi nashika umeme."

Programu ilikwenda dakika arobaini. Kellen alimsimulia vijumba vidogo vinavyohama kwenye skrini, vingine vinamemeta, vinajipanga safu. Mkono wa Théoneste ulikufa ganzi, akabadilisha mwingine, jasho likamwingia machoni. Hakuachia hata mara moja. Alikuwa na furaha pale chini, na hili lazima lisemwe, maana hakuwa nayo tangu Aprili. Aliwaza atakavyosema jina, na Kellen atakavyolipiga.

"Imemaliza, muzehe! Asilimia mia."

Akafunga plagi kwa kipande cha waya, akatoka, akajikung'uta vumbi. Kompyuta ilikuwa inaruka kama mpya. Wakaizima makusudi, wakaiwasha, ikapita. Wakarudia, ikapita. Kellen akafungua programu ya orodha, na programu ikafunguka vizuri, ikasema kwa Kiingereza kwamba faili halionekani.

Akajaribu tena. Halionekani.

"Mukobwa wanjye, binti yangu," Théoneste alisema polepole, "ile amri ya kuangalia. Ulipiga nini?"

"Kama ulivyosema. Di, ii, ele."

"De, i, ere!"

"Ndiyo. Di, ii, ele."

"Ere! Ere ya Roza!"

"Ya Loza, ndiyo, ele…" Kellen akasita. Alichukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake herufi alizopiga, akamnyooshea. D, E, L.

Théoneste alikaa kwenye sakafu. I ya Kifaransa ni E ya Kiingereza, kwa sikio ni sauti moja. Na R na L, kinywani mwa Mnyarwanda, hata Mungu hajui ipi ni ipi. Alichosema yeye na alichosikia msichana vilikuwa sahihi vyote viwili. Alisema angalia, akasikiwa futa. Na mashine ikifuta faili moja haiulizi una hakika, wala haiagi. Inanyamaza tu na kungoja amri nyingine.

Mfumo mpya, kwa dhihaka yake, ulikuwa na amri ya kufufua kilichofutwa, maana faili lililofutwa hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Waliijaribu. Iliuliza herufi ya kwanza ya jina la faili, Kellen akaipa. Ikaleta faili lenye jina lilelile, na ndani yake kulikuwa na vipande vya mfumo wenyewe, alama na vijidude visivyosomeka. Nafasi walimokuwa watoto ilikuwa imezibwa vizuri sana, kwa dakika arobaini. Na ni yeye aliyeishikia umeme.

Kellen alilia. "Muzehe, nimewaua. Nimewaua mara ya pili."

"Oya, hapana. Usiseme hivyo." Alikasirika kweli, akainuka. "Norman akirudi mwambie system yake ilikufa na orodha. Mwambie fundi alikuta imeshakufa. Umesikia?"

"Lakini si kweli."

"Wewe ndiye utakayeandika upya. Wakikufukuza nani ataandika?"

Alikusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa. Nje, kando ya lango, watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi tangu asubuhi, wanawake wengi na wazee wawili, wakingoja kuambiwa mashine imepona. Aliwaona dirishani na akashindwa kutoka.

"Ulisema kuna jina," Kellen akamwambia nyuma yake. Alikuwa ameshajifuta uso, amefungua daftari la shule. "Unipe. Nitaanza na wako."

"Kamikazi."

Kellen akaacha kalamu. "Niliandika Kamikazi wengi. Labda thelathini." Akafikiri, akionekana kuvuta kitu kutoka mbali. "Wewe unatengeneza kompyuta tu?"

"Kompyuta ni juzi. Mimi ni wa mashine za kuandikia."

"Yuko mmoja," Kellen alisema, na sauti yake ikashuka. "Mdogo. Walimuuliza baba yake ni nani, akasema Papa anaponya mashine, anazishika kwa paji kama zina homa. Nilicheka siku ile, ndiyo maana nakumbuka. Niliandika hivyohivyo kwenye safu ya maneno."

Théoneste alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, naye akarudia mara ya tatu, neno kwa neno.

"Kituo gani?"

"Kituo ilikuwa namba, muzehe."

"Namba gani?"

Kellen aliangalia vidole vyake kwenye kibodi, akavisogeza juu ya zile herufi bila kubonyeza, kana kwamba vingeweza kukumbuka vyenyewe. Vilizunguka kwenye safu ya namba, moja, nne, saba, vikarudi.

"Mimi nilikuwa nachapa tu," alisema. "Zilikuwa zinapita."

Akajaribu tena. Théoneste alisimama nyuma ya kiti, anatazama vidole vile, mpaka mlinzi alipokuja kuuliza awaambie nini watu wa nje.