Tuta la Biva

Miaka mitano niliyokaa Ulaya nikisomea mnyama aitwaye biva, hakuna aliyenionya kwamba nikirudi nyumbani nitaulizwa kwanza kama nyama yake ni halali. Niliulizwa Tanga mjini, nikaulizwa Muheza nikisubiri basi, nikaulizwa Pangani kabla sijatua begi. Nikachoka kueleza. Ni mnyama wa mito ya baridi, nikasema, kama panya lakini mkubwa wa kulingana na mbuzi, mkia bapa kama mwiko. Anaangusha miti kwa meno, anaziba kijito kwa vijiti na matope apate bwawa la kuishi. Kwetu hayupo.

"Ala! Yaani serikali imekupeleka ukasome kitu ambacho hatuna?"

Ndiyo, ilinipeleka. Na nilifaulu vizuri tu.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Mimi nikapangiwa ofisi ya maliasili, yenye boti isiyo na mafuta na baiskeli isiyo na mnyororo. Nikapata chumba kijiji kimoja cha kando ya mto, kwa mzee na mkewe ambao watoto wao walishahamia mbali. Mama yule alinilea kama wa kumzaa. Mzee alikuwa na utani mwingi. Aliniita Bibi Panya mpaka kijiji kizima kikaniita hivyo.

Shida yao ilikuwa chumvi. Bonde lao la mpunga lina kijito kinachoshukia mtoni, na ikija bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari inapanda mto mpaka kijitoni na mpunga unaungua. Mwaka ule mama alibakiwa na mbegu ya kikapu kimoja. Ruksa ya biashara huria tulikuwa tumeanza kuisikia redioni, lakini kijijini mchele haukuwepo hata wa dawa.

"Ikiungua na hii, mwanangu, tumekwisha," aliniambia, na hakuwa akitania.

Basi elimu yangu ikapata kazi. Nikawaambia tuzibe kijito kama biva anavyoziba: fito za kusimamisha, matawi ya kulaza, majani na matope ya kukandika, na juu tuache upenyo wa maji ya mvua. Mzee alicheka hadi akakaa chini. "Lo! Leo tunafundishwa kazi na panya!" Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia topeni. Tulikanyaga matope wiki mbili, mgongo ukawa si wangu, na tuta likasimama.

Nikawaonya kwamba biva hajengi akamaliza. Kila jioni anatoka kukagua, na akisikia tu maji yanachururika, anakwenda kuziba. Ukiliacha tuta siku tatu, maji yanalila.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mzee akanijibu. "Hilo tunalijua hata bila kupanda ndege."

Akajifanya mkaguzi. Kila akitoka kuswali alfajiri alipitia tutani na jembe lake. Bamvua mbili zikapita, mpunga kijani kibichi, mama anaimba akipalilia. Wallahi nilifurahi. Nikajiambia miaka yangu mitano haikupotea bure.

Mzee akafariki kwa homa ya siku mbili, bamvua ya tatu ikiwa mlangoni. Matanga kule ni siku tatu, na siku hizo hakuna anayekwenda shamba. Wanaume wakakaa jamvini, sisi ndani na mjane. Nilijua hesabu ya maji kuliko wote mle ndani, na nilijua tuta halijaguswa. Siku ya pili nikamsikia jirani akinong'ona kwamba bondeni maji yanalia. Ningesimamaje katikati ya dua niombe watu wakachote matope? Niende peke yangu? Niliogopa kuambiwa nimesoma mpaka nimesahau utu. Na nikisema kweli, nilikuwa nimechoka. Nikabaki nimekaa.

Siku ya nne tukashuka bondeni. Tuta limekatika katikati, chumvi imelalia mpunga mzima, ncha zimeshaanza kukauka. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Mama alikuwa amekaa eda, hatoki, kwa hiyo nilimpelekea habari mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na huyo mnyama wako, mwanangu, akifiwa na mume anafanyaje?"

Nilikuwa najua. Mwaka wangu wa tatu kule Ulaya, dume wa familia niliyokuwa nikiifuatilia aliangukiwa na mti alioukata mwenyewe, akafa. Kesho yake jioni nilimwona jike amekumbatia matope kifuani, anaziba kama siku zote. Nikaandika daftarini: hakuna badiliko. Profesa wangu aliusifu sana mstari ule.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hilo hatukulisoma."