Kipande cha Mkanda Ndani ya Cherehani

Cherehani yetu haikuwa kama za mafundi wengine pale Geita. Mkono wake ulikuwa mrefu, umetengenezwa kushonea vitu vipana, na ilijaza nusu ya chumba cha mbele. Mume wangu aliinunua Mwanza kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga duka. Ilikuwa imeshachoka. Aliileta kwa lori, ameikumbatia njia nzima kama anapeleka mgonjwa hospitali. Kazi yake ilikuwa kushona mifarishi: amerikani juu, amerikani chini, katikati pamba, kisha mishono ya kupita huku na huku ili pamba isikimbilie pembeni. Wachimba dhahabu walifika kutoka kila upande wa nchi wakiwa na shati la mwilini tu, na wote walihitaji kitu cha kulalia.

Kwa watu alikuwa mchache wa maneno, kwa cherehani alikuwa msemaji. Ikigoma aliinama, akaitegea sikio, akaiuliza imeamkaje. Mimi nilikaa pembeni nikikunja vitambaa, nikiona wivu, sitaki kusema uongo. Ilikuwa na mlio wake. Ilichechemea: mishono miwili laini, kisha kishindo kidogo, tena miwili, tena kishindo. Mtaa mzima ulijua kwamba fundi yupo kazini. Siku moja niliona ncha ya mkanda wake wa suruali imekatwa, nikamtania, "Siku hizi unakula mikanda?" Akacheka tu, akaendelea kushona.

Halafu akafunga mzigo wa mifarishi, akaenda kuiuza kwenye machimbo ya upande wa Kharumwa. Alisema atarudi kabla watu hawajaanza kuchuma pamba. Pamba ikachumwa, ikapakiwa kwenye malori, ikaondoka, nami sikupata hata salamu zake. Wapo waliosema shimo limemfukia, wapo waliosema ameoa huko. Wote walinipa pole huku wakinichungulia usoni waone kama nitalia. Sikuwapa faida hiyo.

Nikakalia kiti chake. Kushona alikuwa amenifundisha, kutengeneza hakunifundisha. Nilijiambia kwamba maadamu cherehani inafanya kazi nitakula, na nikila nitabaki, na nikibaki atanikuta. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu yote, asubuhi hadi jioni. Jioni nilikuwa napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu najikasirikia.

Mafuta ya mashine yakaisha. Jirani yangu, mwanamke wa Kisukuma mwenye moyo mpana, alinikuta nahangaika na gurudumu lililokuwa likilia. Akaenda kwake, akarudi na kibuyu cha samli. Kwao samli hupakwa mtoto, hupakwa ngozi, hupakwa kila kinachokauka, na kwake hakukuwa na sababu ya kuinyima cherehani. Hata mimi niliona ni sawa, nikaitia kila tundu. Siku hiyo ilikwenda kwa ulaini wa ajabu, nikamshukuru kwa Kisukuma, "wabeja", akafurahi.

Baridi ya Julai ilipoingia, samli ikaganda. Asubuhi gurudumu halikuzunguka hata nilipolishika kwa mikono miwili. Vumbi la pamba lilikuwa limeshikamana na samli, likawa uji mweusi, na sisimizi walikuwa wamepanga msururu kutoka mlangoni. Nikaifungua, nikaiosha yote kwa mafuta ya taa. Kila nilichokiona cheusi nilikikwangua kwa sindano ya kufumia, nikakifuta kwa matambara, nikafagia, nikatupa takataka nyuma ya nyumba. Nilipoifunga tena ilizunguka kama mpya. Lakini haikushona. Iliruka mishono. Ilishika mmoja, ikaacha mitatu, na chini ya kitambaa uzi ulijikusanya kama kiota.

Katika hali hiyo ndipo kaka yangu mkubwa alipofika kutoka Tabora. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akatazama nyumba, akatazama cherehani iliyonyamaza.

"Mdogo wangu," alisema, "utakaa hapa unamngoja nani?"

"Mume wangu."

"Na unakula nini?"

Nikamwonyesha cherehani. Akaniambia nishone nimwone. Nikakanyaga, ikaruka mishono mbele yake. Kaka hakuwa mtu mbaya, hata hakucheka. Alisema lori la kwenda Kagongwa litaondoka keshokutwa, na kutoka hapo tutafika Isaka kupanda treni. Kama kufikia siku hiyo mashine itakuwa inashona, ataniacha. Isiposhona, tunaondoka wote. Nilikubali kwa sababu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaanza kuhangaika. Nikabadilisha sindano, nikaweka nyingine, nikaigeuza. Nikatoa uzi na kuupitisha upya. Nikakaza skurubu ya uzi, ukakatika. Nikailegeza, kiota kikawa kikubwa zaidi. Nikafupisha mkanda wa gurudumu. Nikamwambia mume wangu, huko huko aliko, maneno ambayo sitayaandika hapa, maana nilikuwa nimechoka kumngoja na sasa nilikuwa nimechoka na mashine yake pia. Kaka alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyangu kwenye kanga.

Asubuhi ya safari nilikaa, nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, bila uzi. Sikuwa na la kujaribu tena. Nikawa nasikiliza tu, kama alivyokuwa akifanya. Mlio ulikuwa laini mno. Kile kishindo hakikuwepo. Siku zote nilidhani kuchechemea ndiyo ugonjwa wake, kumbe tangu ipone ndiyo haishoni! Nikachungulia kwenye kikasha cha bobini. Ndoano inayodaka uzi ilikuwa inapita mbali na sindano. Chuma kimelika, kinacheza. Kuna kitu kilichokuwa kikiisukuma ndoano isogee, na kitu hicho nilikikwangua kwa mkono wangu.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye takataka. Kaka alitoka akanitazama nikichambua vumbi la pamba na majivu, akadhani akili imeniruka. Nilikipata ndani ya donge la samli. Nilikisugua kwa pindo la kanga, weusi ukatoka. Kilikuwa kipande cha ngozi, kimekunjwa mara mbili, na ukingo wake mmoja una kinundu kinachoachwa na mkasi wa mume wangu, ule wenye pengo. Nikaujua ule mkanda. Ile ncha niliyomtania kwamba ameila ilikuwa humu ndani siku zote, na mkanda uliobaki ameondoka nao kiunoni.

Nilitaka kukifunga kwenye kanga nikiweke. Hakuniachia picha, hakuniachia mtoto. Mikono yake ndiyo iliyokata kile kipande, na nikikirudisha kwenye mashine kitasagika hadi kiishe. Nilikaa pale chini nalia, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, tena mbele ya kaka.

Kisha nikainuka, nikaingia ndani, nikakisukuma mahali pake. Nikatia uzi, nikakanyaga. Mishono miwili, kishindo. Miwili, kishindo. Mstari ukatoka umenyooka, bila kuruka mshono hata mmoja. Nikaendelea kushona kitambaa kitupu, sijui kwa muda gani, kwa sababu mlio ule ulijaza chumba na sikutaka unyamaze.

Nikasikia miguu inakimbia uani. Jirani yangu akajitosa mlangoni, mikono ina unga, uso umechanua.

"Fundi kaludi?"

Nikasimamisha gurudumu. Nilimwona akitazama kiti, akinitazama mimi, akitazama kiti tena.

"Hajarudi, dada," nikamwambia. "Ni mimi."

Akabaki kizingitini akijifuta unga kwenye nguo. Nyuma yake walikuwa wamefika wengine wawili, mbio vilevile. Kaka yangu alifungua kanga, akarudisha vyombo vyangu kimoja kimoja, akaenda peke yake kupanda lori.

Niliendelea kushona. Kesho yake nilianza asubuhi, mlio uleule, mtaa mzima ukisikia, na hakuna aliyekuja mbio tena.