Doa la Shavuni

Binti yangu alizaliwa Kitale mwaka ule shule za msingi zilipofanywa bure. Alikuwa na doa jekundu shavuni, dogo kama punje ya maharagwe. Alipofika miezi saba lilikuwa limevimba na kukaribia jicho. Nesi wa kliniki alilibonyeza kwa kidole, akasema, "Mama, usiliguse. Haya huisha yenyewe mtoto akikua."

Sikuwa na subira hiyo. Krismasi tulikuwa tumpeleke Kanduyi, wakwe zangu wamwone mara ya kwanza. Na kanisani wanawake walikuwa wameshaniuliza, "Kwani ulicheka nani ukiwa na mimba?"

"Si ni ile nyama alitamani akanyimwa, bana," mwingine akadakia.

Nilicheka nao, kisha nikamfunika mtoto uso kwa leso mpaka nyumbani.

Tulifuga ng'ombe wawili. Ndama akianza kuota pembe, tulimpaka dawa ya kuzichoma zikiwa changa. Baada ya siku chache kigaga kinaanguka, basi. Siku moja mume wangu akiwa shambani, niliipaka dawa hiyo kwenye doa, kidogo tu, kwa njiti ya kiberiti. Mtoto alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Nikafuta haraka kwa kitambaa, na kwa kufuta nikaisambaza hadi kwenye kope.

Hospitalini daktari aliuliza kilichomchoma.

"Uji," nikasema. "Alivuta kikombe."

Mume wangu, niliyemwambia hivyo hivyo, akaniunga mkono. "Huyu mtoto ana mikono myepesi, daktari. Hakuna kitu hashiki."

Kwa siku mbili walimtibu wakiuamini uji wangu. Siku ya tatu homa ikapanda, uso ukafura, daktari akaniita kando.

"Mama, uji hauchomi hivi."

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alikwenda mbio kumwita mwenzake. Siku ya tano alfajiri mtoto akafariki. Kama ningesema kweli siku ya kwanza angepona? Sijui. Sikuthubutu kuuliza, na mume wangu sikumwambia habari ya dawa.

Tulimzika Kanduyi. Kabla ya ibada mama mkwe aliomba sanduku lifunguliwe. Nusu ya uso ilikuwa imefungwa bandeji. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Alikuwa anafanana na nani, mwanangu?"

"Na wewe, mama," nikasema. "Na si uji uliomchoma. Ni mimi. Nilimpaka dawa ya ndama, nikitaka aje kwako akiwa safi."

Wanawake waliendelea kuimba nje. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kifuniko.