Barua Isiyo na Salamu

Simu yangu ina kiherehere. Sijui neno jingine la kuiita. Barua pepe zikiingia hazinifikii mimi kwanza. Inazipokea yenyewe, inazipekua, halafu inaamua ipi nistahili kuiona na ipi ikakae chumba cha uani. Imejitengenezea vyumba: Msingi, Matangazo, Kijamii, na mwisho kabisa Barua Taka. Nani kaiomba? Ratiba ya jumuiya yetu ndogondogo hapa Izia nimeikuta imelazwa Matangazo, katikati ya magodoro na mikopo ya haraka. Binti yangu aliyeko chuoni aliniandikia kwamba amefaulu mitihani, nikaja kuisoma ameshaninunia kwa kutompongeza. Lakini mtu nisiyemjua, anayetaka kuniuzia dawa ya kupunguza unene, huyo analetwa mpaka sebuleni. Mimi, mwembamba hivi!

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Milanzi. Huyo huyo binti ndiye aliyeninunulia simu na kunifungulia hiyo barua pepe, na nisiwe mnafiki, nilijivuna nayo. Mafundi wenzangu wana namba za simu tu. Mimi nina anwani.

Maringo hayo ndiyo yaliyoanzisha mambo. Siku moja ya baridi, ule upepo wetu unaokausha midomo ukivuma, alisimama kibarazani msichana mgeni mwenye begi lililokatika zipu. Alikuwa safarini. Nikamwambia akae, nikamimina uji kutoka kwenye chupa, nikaanza kazi. Alipokunywa funda la kwanza akalipitisha kwenye meno. La pili akakitazama kikombe ndani.

"Mama, huu ulezi umetoka wapi?"

"Kwa mama yangu, kule Pito."

"Haukwaruzi meno. Hauna mchanga kabisa."

Nikamwambia kwa mama yangu mchanga hauingii kwenye ulezi. Akacheka, akaniambia anafanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza unga wa lishe wa watoto, na shida yao kubwa ni hiyo: ulezi wanaoletewa umepurwa chini, umejaa mchanga. Akaomba kidogo wa kwenda kupima. Nikampa uliokuwa umebaki kibarazani, nikaufunga kwenye kipande cha kitenge. Akaomba nimwachie namba ya simu au barua pepe. Namba ya simu? Hata fundi viatu ana namba ya simu. Nikamwandikia anwani yangu ya barua pepe, herufi kubwa kubwa, nikamkabidhi nimekaza shingo. Akaahidi ataniandikia.

Jioni ile nilipanda bodaboda mpaka Pito kumweleza mama. Kaka yangu mkubwa, anayekaa jirani naye, alikuwepo pia. Sasa hapo kulikuwa na jambo. Kaka alikuwa anataka shamba la ulezi la mama ligeuzwe liwe la mahindi. Si mtu mbaya kaka yangu. Ndiye mwenye ng'ombe na plau, ndiye anayemlimia mama kila mwaka, na hoja zake zina miguu: wanunuzi wa mahindi wanakuja na malori, ulezi unakaa kwenye kihenge miaka na miaka ukisubiri mtu wa kuusifia. Mama amekula chumvi, hawezi kulima peke yake. Plau ikiingia na mahindi, ulezi ndiyo basi.

Lakini ule si ulezi wa dukani. Ni mbegu aliyopewa na mama yake siku anaolewa, nyekundu, fupi, isiyoanguka kwa upepo. Ndiyo aliyotupikia uji, ndiyo aliyopikia pombe akauza tukavaa sare za shule, mimi na huyo huyo kaka. Kila mwaka matuta tuliyofukia majani na kuotesha maharage yanatandazwa, ulezi unamwagwa juu yake. Mama anaupura juu ya turubai, anaupepeta, anauchekecha, halafu anaupepeta tena ilhali mtu mwingine angeshaufunga kwenye gunia. Nikiwa mdogo nilimwona mkaidi. Sasa najua ni kazi ya mtu anayejiheshimu.

Kaka akasikiliza habari za yule msichana, akasema, "Sawa. Akija kabla ya msimu wa kulima, nanyamaza. Asipokuja, dada, nisilaumiwe."

Mama akaniuliza kama mgeni alimaliza uji wake.

Basi nikaanza kuiangalia simu. Asubuhi naangalia, nikipiga pasi naangalia. Wiki ikapita. Siku moja ikaingia barua. Haikuwa na jina la msichana, ilikuwa na jina la idara sijui ya nini, imeandikwa hivi: "Tuma picha za ghala na kiasi kilichopo. Jibu kabla ya Ijumaa." Basi! Hakuna habari, hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje, hakuna mimi ni fulani. Kichwa kikaniwaka. Sisi Wafipa mtu akija kwako hata kama nyumba inaungua atakusalimia kwanza, ndipo aseme moto. Tunapiga goti, tunapiga makofi, tunauliza watoto, tunauliza wazee, tunauliza safari. Mtu anayeanza na "tuma" ni tapeli, nilisema, na matapeli wa mtandaoni nimewazoea, kazi yao ni tuma, tuma, tuma. Nikabonyeza palipoandikwa "Ripoti kuwa taka". Nilisikia raha mpaka kwenye kidole.

Kumbe simu nayo ilikuwa inasoma akili yangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikanitii! Tangu siku ile kila barua kutoka anwani ile ikawa inaipeleka moja kwa moja Barua Taka, bila kunong'ona, bila hata ule mlio wake wa kuudhi. Mimi sijui lolote. Nasubiri jina la msichana, nasubiri salamu.

Baridi ikaanza kulegea. Watu wakaanza kusafisha mashamba. Kila nikienda Pito kaka ananiuliza, "Vipi, bosi wa barua?" Nacheka kwa nje, ndani naungua. Siku moja nilimkuta analipima shamba kwa hatua, anahesabu mistari ya mahindi kwa sauti. Mama amekaa mlangoni, anachambua maharage, hamtazami. Nilipomuaga akaniambia, "Usijitese. Ulijaribu." Jamani, ningependa anigombeze. Nilirudi nyumbani nalia juu ya bodaboda, upepo ukinikausha machozi kabla hayajafika shavuni.

Kilichotuokoa ni simu kujaa. Ilikuwa asubuhi, nimeshafungua kibaraza, mteja anataka kunitumia picha ya mshono, simu ikakataa katakata kupokea: nafasi hakuna. Nikasema leo nakufagia. Nikaingia huko Barua Taka nifute zote kwa mkupuo, kidole kikasita. Kwetu takataka hazichomwi hivi hivi. Mama alitulea tukizichambua kwanza, na vijiko vyake vingi vimeokolewa jalalani. Nikasema hebu nizichambue.

Dawa ya unene. Urithi wa tajiri wa nje. Dawa ya unene tena. Halafu ile idara. Halafu ile idara tena. Halafu tena.

"Hatujapata jibu lako." Nyingine: "Sampuli imefaulu. Tunahitaji kuona ghala." Ya mwisho: "Timu inapita Sumbawanga Alhamisi asubuhi kuelekea Mpanda. Kama ulezi upo, piga namba hii. Tusipokupata tutanunua kwingine. Mimi ndiye uliyenishonea zipu."

Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mkasi ulinidondoka. Mteja akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia bado, na nikapiga ile namba.

Ikaita mpaka nikaanza kuongea na Bikira Maria. Ikapokelewa. Na unajua nilisema nini? Roho iko mkononi, shamba la mama linaning'inia kwenye uzi, nami nikasema, "Mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?"

"Naongea na nani?"

"Mama wa zipu!"

"Jamani mama! Shikamoo! Tumekutafuta mpaka basi, tuko kituo cha mafuta hapa mjini, tunajaza tuondoke!"

"Marahaba. Msiondoke. Na barua gani zile, hazina hata habari za asubuhi? Nilikutupa jalalani, nikajua tapeli."

Akacheka mpaka nikamsikia dereva anauliza kuna nini. "Mama, ofisini tunafundishwa barua iwe fupi."

"Iwe fupi, isiwe kavu," nikamwambia. "Njooni Milanzi mnichukue."

Nilipokata nikampigia kaka. "Mwambie mama anao wageni."

"Wageni gani?"

"Wa ulezi." Nilisikia upepo tu, halafu nikamsikia anamwita mama kwa sauti ya mtu anayekimbia.

Mama alitupokea kitenge kipya kikiwa kiunoni. Dereva, maskini, alikuwa anatazama saa tangu njiani, akashuka na kusema, "Haya mama, ghala liko wapi tuwahi?" Mama hakumsikia. Yaani alimsikia vizuri sana, ila hakumsikia. Msichana ndiye aliyeelewa. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi na suruali yake safi, akakutanisha viganja, akapiga makofi taratibu kama alivyoniona nimetangulia kufanya. Mama akaitikia. Akamuuliza safari. Akamuuliza wazazi, kama wapo, kama ni wazima, kama mvua kwao ilitosha. Akahamia kwa dereva, naye akaulizwa mke, akaulizwa watoto, na alipotaja kitinda mimba wake anayeanza kutembea uso wote ukamlegea, saa akaisahau. Mimi nimesimama pembeni nimevimba kwa fahari. Mama yangu huyo! Wenye gari ni wao, wenye haraka ni wao, lakini pale uani wakati ulikuwa wa mama.

Msichana akamsimulia, kwa utani, kwamba nilimtupa kwenye takataka za simu.

"Kwa nini?" mama akaniuliza.

"Aliandika bila kusalimia, mama."

Mama akafikiri kidogo. "Basi hukukosea," akasema, na wote tukacheka, msichana kupita sisi sote.

Ndipo kihenge kikafunguliwa. Msichana akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi kutoka chini kabisa, akaupuliza. Hakikuruka kitu. Akatia punje mdomoni, akatafuna amefumba macho, akamwita dereva naye atafune. "Mama," akasema, "sisi tuna mashine ya kusafisha ulezi, na hautoki hivi." Mama akainamisha kichwa. Hakuna aliyejua kama ni kwa aibu au anaficha tabasamu, ila mimi nilijua. Bei walikubaliana hapo hapo, nzuri, na mama ndiye aliyeitaja kwanza. Msichana akasema msimu ujao watahitaji mwingine, na wa majirani pia kama mama atawafundisha kuupura.

Kaka muda wote huo alikuwa anashika magunia, anayafunga, anayapakia. Walipomaliza la mwisho msichana akaliona debe moja la ulezi limefunikwa kwa sahani, nyuma ya kihenge.

"Na ule pale, mama? Tunauchukua pia."

"Ule hapana."

"Tutaongeza bei."

Nikataka kumkanyaga mama mguu, tusije tukampoteza mgeni tuliyemtafuta kwa jasho lote hili. Mama akaenda akasimama kati ya debe na msichana.

"Mwanangu, ule ni mbegu," akasema. "Ule ni wa shamba."

Hakumtazama kaka alipotamka neno shamba. Hakuna aliyemtazama. Gari likaondoka, vumbi likatulia, tukabaki watatu uani na kihenge kitupu. Nilikuwa natafuta cha kusema, niwe wa kwanza kabla mambo hayajaharibika, maana nilimwona kaka anajifuta mikono kwenye suruali na kutazama upande wa lile shamba alilolipima kwa hatua zake mwenyewe. Kisha akainama, akalinyanyua debe, akaliweka begani.

"Niuweke wapi, mama," akauliza, "panya wasiufikie?"