Tulivyomwacha Mwende Salama

Wiki jana nilipita mji wa Salama nikaona ile hoteli ya nyama choma bado inafuka moshi, ikiendeshwa sasa na wajukuu wa mwenye hoteli. Dada yangu Mwende alikuwa jikoni akikatakata nyama, kichwa kimejaa mvi.

Tulikula hapo mara moja tu, nikiwa msichana mdogo, wakati wa njaa. Baba alituvalisha nguo za kanisani. Mafuta yalidondoka kwenye makaa yakilia, na harufu yake ikanijaza mate mdomoni. Mwenye hoteli alimwekea Mwende vipande vinono, huku mwanawe mkubwa wa kiume akimtazama. Mwende, aliyekuwa darasa la saba, hakugusa kitu. Mimi nilikula nikidhani tumekaribishwa tu. Sikujua ilikuwa sehemu ya mahari.

Tulipoinuka, Baba alimwambia Mwende, "Wewe utabaki. Hapa ndipo kwenu sasa."

"Mwaitu, nimekosa nini?" Mwende alimuuliza Mama.

Mama alinishika mkono tukatoka.

Njiani nililia, nikitaka kurudi nikakae na Mwende kule kwenye nyama.

"Nyamaza," Mama alisema. "Hata wewe utakua."