Mtu Aliye Nyuma ya Mzigo

Kabla hajaja kufanya kazi nasi chumba cha juu, alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa. Nguo za dukani ziliposhuka bei kuliko kitambaa, alifunika cherehani, akajifunza kompyuta kwa wiki tatu, akaajiriwa. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Aliyemfuatia kwa umri nilikuwa mimi. Waliobaki walikuwa rika la watoto wetu, na hao ndio waliompachika jina la Mama Mstari.

Kazi yetu ilikuwa kulifundisha gari lisilo na dereva kuona. Picha za barabarani zilitujia kwenye kompyuta, nasi tukakizungushia kila kitu kisanduku: mtu chekundu, gari cha bluu, mzigo cha kijivu. Gari lilijifunza kwa visanduku hivyo. Mtu anaweza kuchomoka wakati wowote, kwa hiyo apishwe mbali. Mzigo hukaa ulipowekwa, kwa hiyo unaweza kupitwa karibu. Visanduku vya wengine vilipwaya kama suruali ya kuazima. Vya Mama Mstari vilibana. Kati ya mstari na bega haukupita hata uzi.

Mwezi wake wa pili alipata picha ya mkokoteni. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na nyuma yake vilionekana visigino viwili na kiwiko. Akamwita msimamizi.

"Huyu nimchore mtu au mzigo?"

"Kanuni ya kumi na nne, mama. Aliyefichwa na mzigo zaidi ya nusu ya mwili anahesabiwa sehemu ya mzigo. Kijivu."

"Lakini ana miguu."

"Hata meza ina miguu."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikiwemo. Kwenye mwongozo, kanuni hiyo ilikuwa na picha ya msafiri aliyesimama nyuma ya masanduku yake kwenye sakafu inayong'aa. Aliyeiandika hakuwahi kuona mkokoteni ukipanda kilima. Mama Mstari aliuliza tena, safari hii kwa maandishi. Jibu lilikuja na maneno mawili: fuata mwongozo.

Akafuata, na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Fundi mzuri akishapewa kipimo hakipindishi. Sisi wazembe tulikuwa tunaisahau kanuni ya kumi na nne, na mara nyingi tuliwachora wasukuma mikokoteni kwa chekundu, kwa mazoea tu. Yeye hakusahau hata mara moja kwa miezi kumi na minne. Kazi yake ikateuliwa kuwa mfano, na sisi tukarudishiwa zetu tuzisahihishe mpaka zifanane na zake.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alisukuma mkokoteni kutoka ghala la nafaka hadi sokoni. Karibu kila siku adhuhuri alipita chini ya dirisha letu.

"Shemeji! Bado unachezea picha huko?"

"Nafanya kazi. Wewe bado unashindana na punda?"

"Punda ameomba likizo, nimebaki mimi. Leo umenichora?"

"Nikuchore kwa uzuri gani?"

"Nichore na kitambi, wasije wakasema kaka aliuacha ukoo na njaa!"

Siku moja picha ilimletea kiwiko cha shati chenye kiraka alichomshonea shemeji mwenyewe. Nilimwona akisita, mkono umetulia juu ya meza. Kisha akachora cha kijivu.

Mwaka wa pili magari yale yaliletwa kujaribiwa kwenye barabara zetu. Jumanne moja asubuhi shemeji alifika katikati ya kilima cha sokoni, akasimama kuvuta pumzi. Akatoka nyuma ya magunia, upande wa barabarani, ili aweke jiwe chini ya gurudumu. Gari lilikuwa limeshapima njia yake, shubiri mbili kutoka kwenye mzigo. Halikupunguza mwendo, likamgonga. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Siku ya nne baada ya maziko, msimamizi alimwekea Mama Mstari fomu mezani. Juu iliandikwa: kosa la mchoraji.

"Saini tu, mama. Hakuna atakayekufukuza. Tutaandika umepewa onyo."

"Na kanuni?"

"Kanuni haihusiki hapa."

"Nikisaini, watasema fundi ndiye aliyekosea kukata. Kipimo watabaki nacho kilekile."

"Mama, shemeji yako harudi."

"Najua. Nimetoka kumzika."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya fomu kwa mwandiko wake ulionyooka: Sikukosea. Nilifuata kanuni ya kumi na nne. Niliihoji mwezi wangu wa pili, mbele ya wenzangu. Kisha akaigeuza fomu upande wetu.

"Mlikuwepo. Nani atatia saini hapa kwamba nilihoji?"

Tulikuwa watu kumi na wawili chumbani. Wote tulilikumbuka suala la meza na miguu yake. Nilitazama herufi za kompyuta yangu kana kwamba nazihesabu. Baadaye tukaletewa fomu yetu, iliyosema kwamba hakuna swali lolote lililowahi kuulizwa. Niliisaini kabla ya chai.

Mama Mstari aliondolewa kazini siku ileile. Magari yalisimamishwa siku tisa, kisha yakarudi barabarani. Kanuni ya kumi na nne ilibaki ukurasa wake uleule.

Siku ya kumi, magari yaliporudi, nilienda kumwona, nikaelekezwa ghalani. Nilimkuta amesimama katikati ya wasukuma mikokoteni, anaonyesha kwa mkono usawa wa kifua chake.

"Magunia yasipite hapa. Kichwa na mabega yaonekane. Gari likiona nusu ya juu, linajua ni mtu."

"Hapo ni magunia sita, shangazi," akasema mmoja. "Mwenye ghala anataka kumi. Kilima hakijapungua, sisi ndio tupunguze?"

"Lakini gari halikuoni!"

"Mimi naliona. Lina ukubwa wa jiko la kiwandani."

Wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Mmoja wao mwenye mvi hakucheka. "Kwa hiyo kasoro iko kwenye gari," akasema, "na wanaotengenezwa ni sisi."

 Mama Mstari akashusha magunia manne kutoka mkokoteni wa karibu. Mwenye mkokoteni akamwacha amalize, akasema asante, akayarudisha moja moja, akainamisha kichwa nyuma yake na kuanza kusukuma.

Mama Mstari akamfuata. Hakushika mzigo. Alitembea pembeni yake, upande wa barabarani, wima, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye magunia, mwili wake mzima ukionekana. Katikati ya kilima gari moja liliwakaribia kwa nyuma, kiti cha dereva kitupu. Lilipunguza mwendo, likasogea mbali, likawapita kwa nafasi ya kutosha.

"Basi, shangazi, nenda kapumzike," akasema msukuma mkokoteni walipofika juu.

Chini kwenye ghala mikokoteni sita ilikuwa bado inapakiwa. Akajifuta uso kwa kanga, akaanza kushuka.