Hema la Mtu Mrefu

Hema halichaguliwi kwa macho. Unalala ndani yake, unanyoosha mkono juu ya kichwa, na vidole vya mkono na vya miguu visiguse kitambaa. Vikigusa, hilo si lako, hata likiwa jipya namna gani. Nililisema hili mara kumi kwa siku, tena kwa ukali, kwa sababu watu waliona rangi na zipu wakasema, "Mama fundi, nipe lile."

Wakati huo nilikuwa fundi wa mahema katika kituo cha mapokezi kando ya ziwa, upande wa Ujiji. Kabla ya hapo nilishona maturubai ya malori nyumbani kwangu Katubuka. Watu walipoanza kukimbia Burundi, wakitokea Kagunga mpakani na kuletwa kwetu kwa meli, kituo kikatafuta mtu mwenye cherehani nzito, nikachukuliwa. Wakimbizi walikaa kwetu wiki mbili tatu, kisha malori yakawapeleka kambini, mbali na ziwa. Sikuwa na huruma ya pekee. Niliipenda kazi kuliko nilivyowapenda watu, na sioni sababu ya kusema uongo leo.

Kiangazi nilitoa mahema mepesi yenye madirisha pande mbili. Upepo wa ziwani hufukuza joto, ila hung'oa vigingi, kwa hiyo kila kigingi nilikilaza kidogo na kukiwekea jiwe. Mvua zilitaka mahema mazito ya pamba, yenye paa la pili juu. Jipya la pamba nililimwagia maji kwanza nikaliacha likauke, nyuzi zivimbe, zizibe matundu ya sindano. Kamba zake zikilowa hukaza mpaka zinapasua mishono. Wingu lilipotokea juu ya milima ya Kongo nilipita nikipiga kelele, "Legezeni kamba!" Na aliyekunja hema bichi alinijua mimi ni nani. Hema bichi linaota ukungu, na ukungu hautoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Mvua za kwanza zilipoanza akafika mwanamume mrefu kuliko mlango wa stoo yangu. Alikuwa na mke, watoto watatu, na bibi mmoja mkimya aliyetembea nyuma yao kwa mbali. Kadi yao iliandikwa watu sita, nikawapa hema la watu sita, nikaenda zangu.

Asubuhi mbili mfululizo nilimkuta yule bwana amelala chini ya lori bovu, amejifunika gunia, anakohoa. Nikaona kosa langu, au nilidhani nimeliona. Hema lile lilikuwa na kuta za kuinama. Mtu mrefu akilala mle miguu inagusa kitambaa, na pamba iliyolowa ukiigusa kwa ndani, maji huanza kupita hapo hapo.

"Kaka, hema ni fupi?" nikamuuliza.

Akatazama chini, akaitikia kwa Kirundi. "Ego, mama. Ni fupi kidogo."

Basi nikajifungia na cherehani siku mbili. Nilichukua vipande vizima vya mahema yaliyochakaa, nikaongeza urefu hatua mbili, nikasimamisha kuta wima, nikaunga nguzo ya juu kwa mwanzi. Uzi niliupaka nta kwanza. Sijawahi kushona hema zuri kama lile, na nililisimamisha mwenyewe, kifua mbele.

Kesho yake ilinyesha asubuhi, mvua ya kutoboa mabati. Nilifika kituoni nimelowa, nikaenda moja kwa moja kulitazama hema langu. Halikuvuja hata tone. Ndani mke na watoto walikuwa wakavu. Mume alikuwa chini ya lori, anakohoa huku ameshika mbavu. Na nyuma ya hema, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi bibi, mkeka kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni.

Nikapandisha hasira. "Nyie watu mna nini? Nimeumia macho siku mbili kwa ajili yenu, halafu mnalala nje kama mbuzi!"

Bibi alinisubiri nimalize. "Mwanangu," akasema polepole, "yule ni mume wa binti yangu. Nimetoka ili aingie. Naye haingii, kwa kuwa ndani mna kitanda changu."

Yoo! Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni Muha. Kwetu, kama kwa Warundi, mama mkwe na mume wa bintiye hawalali chini ya paa moja, hata macho hawakutanishi. Mama yangu akija Katubuka mume wangu huenda kulala kwa jirani, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Yote haya niliyajua tangu utoto, lakini pale kituoni nilikuwa nimezoea kusoma kadi.

Yule bwana alipelekwa hospitali siku hiyo. Muuguzi alituambia ni kifua, atarudi baada ya siku nne, na akilowa tena tusimlaumu mtu.

Bibi alihitaji hema dogo la peke yake, na vipande vyangu vilikuwa vimekwisha. Ilibidi nikate hema zima. Msimamizi wa kituo akasema hema zima halikatwi bila kibali kutoka mjini. "Haraka haraka haina baraka, fundi."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na ufunguo wa stoo kiunoni. Nikangoja. Nilikuwa mtu wa kufuata taratibu na nilijivunia hilo. Kila asubuhi bibi alikuja mlangoni pangu. "Shikamoo, mama," nilimwamkia. "Marahaba. Kibali kimekuja?" "Bado, mama." Akarudi zake.

Kibali kikaja siku ya tatu jioni. Siku ya nne nilikata alfajiri, nikashona bila kunywa hata chai, na saa sita nikatoka nalo kichwani, mbio mbio.

Mke wa yule bwana alikuwa peke yake na watoto. Bibi alikuwa ameondoka na lori la asubuhi. Alikwenda kwa karani akaomba nafasi moja, na hakuuliza linakwenda kambi ipi. Alimuaga binti yake akisema mume akirudi akute nafasi.

Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mimi langu halikuuma. Aliyengojeshwa ni mwingine, na hilo linanikera mpaka leo.

Nilikuwa bado nimesimama pale, hema dogo kichwani, wakati gari la hospitali lilipomshusha yule bwana. Alikuwa amekonda. Alitazama nyuma ya hema, akatazama kwenye ile ndoo, akamuuliza mkewe mama yuko wapi. Mkewe akamwambia. Akageuka kwenda chini ya lori, kana kwamba kitanda cha mama mkwe bado kimo ndani.

Mkewe akamshika mkono mbele yetu sote, jambo ambalo mke wa kwao hafanyi. "Ukilala nje leo," akasema, "mama yangu amekwenda bure."

Akainama, akaingia.